Vita vya Nani? Mjadala juu ya Makabaila na Silaha katika Roma ya Mwanzo

Hoja iliyo mezani ni kwamba katika karne ya sita na ya tano kabla ya Kristo (KK) vita vilivyopiganwa kwa jina la Roma vilikuwa vya koo za makabaila waliokaa ndani na kandokando ya mji huo, na kwamba jeshi la raia linalosifiwa katika vitabu lilizaliwa baadaye sana, karibu na mwaka 400 KK. Mapokeo ya Warumi wenyewe yanasema vingine. Yanasimulia kwamba mwaka 509 KK mfalme wa mwisho, Tarquinius Superbus, alifukuzwa na mahali pake wakachaguliwa makonsuli wawili, yaani viongozi wakuu wa mwaka mmoja mmoja wenye mamlaka ya kuwaita watu jeshini na kuwaongoza vitani, na kwamba tangu hapo raia walipigana chini ya amri ya dola yao. Kati ya matukio hayo na waliokuja kuyaandika kuna pengo kubwa, kwa kuwa Fabius Pictor, Mrumi wa kwanza kuandika historia ya mji wake, alifanya hivyo karibu na mwaka 200 KK, na Titus Livius, ambaye kitabu chake ndicho kinachosomwa zaidi, alianza kuandika karibu na mwaka 27 KK, takriban karne tano baada ya kufukuzwa kwa mfalme.

Wanaojadiliana hapa ni watu wa kubuni, ingawa hoja wanazozibeba zimekuwa zikitolewa na wanazuoni halisi kwa miaka zaidi ya 200. Wa kwanza anaitwa Mtetezi wa Koo, na wa pili Mtetezi wa Dola. Yuko pia wa tatu, ambaye hataomba nafasi ya kusema mpaka mjadala uwe umepamba moto.

Mtetezi wa Koo anaanza na mto mdogo uitwao Cremera, unaomwaga maji yake katika Tiber kaskazini mwa Roma. Huko, kwa mujibu wa Livius, akina Fabius walikwenda mwaka 479 KK baada ya kuliambia baraza la wazee, yaani Seneti, kwamba vita dhidi ya Veii, mji wa Waetruska uliokuwa kilometa 16 hivi kutoka Roma, viachwe mikononi mwa ukoo wao, nao wangevigharimia bila kuutoza umma kitu. Walitoka wanaume 306, wote wa ukoo mmoja, wakajenga ngome kando ya mto, wakawa wanateka mifugo na kuharibu mashamba ya watu wa Veii, hadi mwaka 477 KK walipoingizwa mtegoni na kuuawa wote, akabaki mvulana mmoja tu wa kuendeleza jina. Dionysius wa Halicarnassus, Myunani aliyeandika wakati uleule wa Livius, anaongeza jambo ambalo Mtetezi wa Koo analiona kuwa ndilo lenye uzito: pamoja na hao 306 walikuwapo wafuasi na marafiki wa ukoo, hata jumla yao ikafika kama 4,000. Wafuasi hao, ambao Warumi waliwaita clientes, walikuwa watu huru waliojiweka chini ya ulinzi wa bwana mkubwa, aliyewapa ardhi ya kulima na kuwasimamia barazani, nao wakawajibika kumfuata alikokwenda. Kwa maoni ya Mtetezi wa Koo, ukoo wenye watu wa namna hiyo ulikuwa tayari na kila kitu ambacho vita vya zama zile vilihitaji: kiongozi, askari, chakula na sababu. Anataja pia orodha ya makonsuli, ambayo inaonyesha mtu wa akina Fabius katika kila mwaka kuanzia 485 hadi 479 KK, miaka saba mfululizo, kisha jina hilo linatoweka kabisa mpaka 467 KK. Anauliza ni pigo gani, kama si lile la Cremera, lililouondoa ghafla katika uongozi ukoo uliokuwa ukiutawala kila mwaka.

Mtetezi wa Dola hababaishwi na kisa hicho. Anakumbusha kwamba mwaka 480 KK, miaka mitatu tu kabla ya maafa ya Cremera, Wasparta 300 chini ya mfalme wao Leonidas walikufa Thermopylae, na kwamba Warumi wa baadaye, waliosoma vitabu vya Kiyunani kwa bidii, walitamani kuwa na mashujaa wao wa idadi hiyohiyo. Diodorus wa Sicilia, akieleza mapigano hayohayo kwa ufupi, anasema tu kwamba Warumi walishindwa na watu wa Veii, kisha anaongeza kuwa baadhi ya waandishi husema miongoni mwa waliouawa walikuwamo akina Fabius 300. Mvulana anayesemwa kuwa ndiye pekee aliyesalia anatajwa kuwa konsuli miaka kumi tu baadaye, jambo lisilowezekana ikiwa kweli alikuwa mtoto. Zaidi ya yote, mwandishi wa kwanza wa historia ya Roma alikuwa yeye mwenyewe ni Fabius, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata kisa kikikubaliwa kama kilivyo, Kaeso Fabius aliyewaongoza ndugu zake alikuwa konsuli wa mwaka ule, na Seneti ndiyo iliyotoa idhini. Kwa hiyo, anasema Mtetezi wa Dola, ushahidi wa kwanza wa upinzani unaonyesha ukoo ukiomba ruhusa.

Hapa yafaa kutua kidogo, kwa kuwa idadi ya 306 na mvulana aliyesalia vinaweza kutupwa bila hasara yoyote, lakini kiini hakitupiki kirahisi. Mtu anayebuni kisa cha kusifu dola hawezi kukibuni hivi. Waandishi wa karne ya kwanza KK waliamini kwa dhati kwamba vita ni shughuli ya umma, na kwa sababu hiyo habari ya ukoo mmoja kupigana peke yake iliwatatiza, wakalazimika kuingiza humo ombi, idhini na shukrani za Seneti ili kuifanya ieleweke kwa wasomaji wao. Mahali ambapo msimulizi anahangaika kueleza, pana uwezekano mkubwa kwamba amekuta kitu cha zamani ambacho hakukitunga yeye.

Mtetezi wa Koo anaacha vitabu na kugeukia jiwe. Mwaka 1977 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Uholanzi, wakichimbua hekalu la mungu wa kike Mater Matuta katika mji wa kale wa Satricum, kusini-mashariki mwa Roma, walikuta jiwe lenye maandishi lililokuwa limetumiwa upya kama kifaa cha ujenzi katika msingi wa hekalu lililojengwa mwanzoni mwa karne ya tano KK. Maandishi hayo, ya Kilatini cha kale sana, yanasema kwamba zawadi hiyo imetolewa kwa Mars, mungu wa vita, na masahaba wa Poplios Valesios, jina ambalo katika Kilatini cha baadaye lingeandikwa Publius Valerius. Mtu wa jina hilo, aliyepewa lakabu ya Poplicola, ni mmoja wa waasisi wa jamhuri katika mapokeo, na inasemekana alifariki mwaka 503 KK. Watoaji wa zawadi hawajitambulishi kwa mji wao, wala kwa kabila, wala kwa cheo. Kinachowaunganisha ni mtu mmoja na mungu wa vita. Mtetezi wa Koo anasema kwamba hiki ndicho kikosi chenyewe, kikijitaja kwa kinywa chake, miaka 300 kabla ya Fabius Pictor kushika kalamu.

Mtetezi wa Dola anajibu kwa tahadhari inayostahili kuheshimiwa. Akina Valerius walikuwa wengi, na jina la Publius lilikuwa la kawaida miongoni mwao. Wengine wameyaelewa maandishi hayo kuwa ya chama cha ibada, kwa sababu Warumi wa baadaye walikuwa na vyama vya makuhani vilivyotumia neno hilohilo la masahaba. Lakini anapobanwa aeleze kwa nini chama cha ibada kijiite kwa jina la mtu aliye hai badala ya jina la mungu wake, anakubali kwamba jiwe la Satricum ndilo linalompa taabu kubwa kuliko kitabu chochote. Na hilo ni sawa, kwa maana kitabu hunakiliwa na kusahihishwa na kila kizazi, ilhali jiwe hili lilifukiwa chini ya hekalu kabla hapajatokea mtu wa kulisahihisha.

Akiwa amepata nguvu, Mtetezi wa Koo anapanua hoja. Anamtaja Attus Clausus, kabaila wa Wasabini, majirani wa Roma, ambaye mwaka 504 KK alihamia Roma na wafuasi wake wote, familia 5,000 kwa hesabu ya mwandishi Plutarch, akapewa ardhi ng'ambo ya mto Anio, akaingizwa katika Seneti, na kuwa mzee wa ukoo mashuhuri wa akina Claudius. Anamtaja Gnaeus Marcius Coriolanus, ambaye mapokeo yanasema aligombana na wenzake, akavuka kwa Wavolski, maadui wa Roma, nao wakampa jeshi aje kuushambulia mji wake mwenyewe. Anamtaja Appius Herdonius, Msabini mwingine, aliyeuteka usiku mlima wa Capitolium katikati ya Roma mwaka 460 KK akiwa na watu wapatao 2,500, wengi wao wakiwa watu waliofukuzwa makwao na watumwa. Anauliza watu hawa wana nini cha pamoja, kisha anajibu kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye nguvu yake ilitegemea mji. Kabaila alibeba nguvu yake pamoja naye, katika watu wake, na mji ukawa ni mahali pa kutua.

Anahitimisha sehemu hii kwa ushahidi unaovutia kuliko wote. Mwaka 48 baada ya Kristo (BK), mfalme mkuu Claudius, aliyekuwa msomi wa mambo ya Waetruska na kuandika vitabu 20 juu yao, alihutubia Seneti akitaka wakuu wa Gallia waruhusiwe kuingia humo. Hotuba hiyo ilichongwa katika bamba la shaba, ambalo lilifukuliwa mjini Lyon mwaka 1528. Humo Claudius anasema kwamba Servius Tullius, ambaye Warumi walimhesabu kuwa mfalme wao wa sita, aliitwa na Waetruska kwa jina la Mastarna, na kwamba alikuwa sahaba mwaminifu wa Caelius Vibenna, mkuu wa kikosi, ambaye mabaki ya jeshi lake aliyaongoza kutoka Etruria hadi Roma. Miaka 329 baada ya bamba hilo kupatikana, yaani mwaka 1857, kaburi la familia ya kikabaila lilifunguliwa huko Vulci, mji wa kale wa Waetruska, na katika kuta zake zilizochorwa karne ya nne KK akaonekana Mastarna akimkata kamba Caelius Vibenna aliyefungwa, huku wenzao wakiwaua wapinzani, mmoja wao akitajwa kuwa Gnaeus Tarquinius wa Roma. Kwa hiyo mfalme anayesifiwa kwa kuipa Roma sensa na mpango wa jeshi la raia anatokea, katika kumbukumbu za majirani, akiwa mbabe wa vita aliyeingia mjini na watu wake na kujitwalia utawala.

Mtetezi wa Dola sasa anaacha kujitetea. Anasema kwamba visa vya watu mashuhuri, hata viwe vingi namna gani, haviwezi kueleza mji wenyewe. Mwishoni mwa karne ya sita KK, Roma ilikuwa na hekalu la Jupiter juu ya Capitolium lenye msingi wa meta 62 kwa 54 hivi, miongoni mwa majengo makubwa kabisa katika Italia ya wakati huo, na jengo kama hilo halisimamishwi na genge la wateka ng'ombe. Polybius, mwanahistoria Myunani wa karne ya pili KK, alinakili mkataba kati ya Roma na Karthago ambao anauweka katika mwaka wa kwanza wa jamhuri, na lugha yake ilikuwa ya kale kiasi kwamba hata Warumi wajuzi wa siku zake waliielewa kwa shida. Mkataba wa mwaka 493 KK kati ya Roma na miji ya Walatini uliagiza kwamba ngawira za vita vya pamoja zigawanywe sawasawa, agizo lisilo na maana kama hapakuwa na umma wa kupokea fungu. Kisha kuna mpango wenyewe unaohusishwa na Servius Tullius, ambao uliwapanga raia katika matabaka matano kwa kadiri ya mali yao, kila tabaka likitakiwa kuja na silaha zake, tabaka la kwanza likivaa kofia ya shaba, dirii, vilinda miguu na ngao ya duara kwa mtindo wa Kiyunani. Matabaka hayo yaligawanywa katika makundi 193 yaitwayo senturia, na makundi hayo hayakuwa ya kupigana tu, kwa kuwa ndiyo yaliyopiga kura kuchagua makonsuli na kuamua vita. Mkuki na kura vilishikwa na mkono uleule. Anaongeza makaburi: katika karne ya nane na ya saba KK, wakuu wa Latium walizikwa na silaha na magari ya vita, kama ilivyoonekana Castel di Decima, lakini kuanzia karne ya sita makaburi ya eneo hilo yanakuwa maskini wa vitu, na utajiri unahamia kwenye mahekalu. Kwa tafsiri yake, makabaila walikuwa wamenyang'anywa silaha na mji.

Jibu la Mtetezi wa Koo ni kali. Hekalu la Jupiter, kwa mapokeo yaleyale yanayotegemewa na mpinzani wake, lilijengwa kwa ngawira ambazo Tarquinius alizitoa katika mji wa Suessa Pometia, kwa hiyo ukubwa wa hekalu unathibitisha ukubwa wa uporaji. Mpango wa senturia 193, jinsi ulivyoandikwa, una viwango vya fedha ambavyo Roma ya karne ya sita, isiyokuwa na sarafu, haikuweza kuvijua. Makaburi maskini yanaonyesha tu kwamba makabaila walipata jukwaa jipya la kujionyesha, kwa kuwa aliyejenga hekalu alionekana na watu wengi zaidi kuliko aliyezika gari la vita. Kisha anaitazama ibada ya fetiales, makuhani 20 waliosimamia utangazaji wa vita. Kuhani alikwenda mpakani mwa jirani, akadai mali iliyoibwa irudishwe na wahalifu watolewe, akasubiri siku kadhaa, na akikataliwa ndipo vita vikaweza kutangazwa kwa kutupa mkuki katika ardhi ya adui. Mtetezi wa Koo anasema kwamba ibada ya namna hiyo inatoka katika ulimwengu ambamo watu wenye nguvu huvuka mpaka na kuteka mifugo bila kutumwa na yeyote, na ambamo mji, badala ya kuwaamuru, unahangaika kujitenga nao baada ya tukio. Kama kila vita vingekuwa vya dola, pasingekuwa na mhalifu wa kumtoa.

Hoja hiyo ya fetiales ni nzuri kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida, lakini inakata pande mbili, na Mtetezi wa Dola hachelewi kuligundua hilo. Kuhani alipovuka mpaka alizungumza kwa niaba ya nani? Mji unaodai haki ya kusema hivi ni vita vyetu na vile si vyetu umekwisha kuanza kuwa dola, hata kama madai yake yanapuuzwa na wenye nguvu mara tisa kati ya kumi. Hapa ndipo watetezi wote wawili wanapoanza kusogeleana bila kupenda, mmoja akikubali kwamba madai ya umma yalikuwapo tangu mapema, mwingine akikubali kwamba madai hayo yalikuwa hayajawa nguvu.

Ni wakati huo ambapo wa tatu anaomba nafasi. Ni Mtetezi wa Maplebi, yaani wa wale raia wote ambao hawakuwa wa koo chache za patrisi zilizojitengea ukuhani na uongozi. Lawama yake kwa wenzake ni kwamba wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu nani aliamuru vita bila kuuliza nani alivipigana, alikula nini alipokuwa huko, na alikuta nini aliporudi. Anakumbusha kisa anachokisimulia Livius katika mwaka 495 KK, cha mzee aliyejitupa sokoni akiwa amekondeana na mgongo wake una alama za mijeledi, watu wakamtambua kuwa alikuwa ofisa wa jeshi. Alipokuwa vitani dhidi ya Wasabini shamba lake lilichomwa na ng'ombe wake wakatekwa, akatozwa kodi katika saa mbaya, akakopa, deni likala ardhi ya babu yake, kisha likala mwili wake, kwa kuwa sheria ya nexum ilimruhusu mkopeshaji kumfunga na kumtumikisha mdeni. Mzee huyo huenda hakuwahi kuishi, na maneno yake ni ya Livius, lakini utaratibu anaoueleza ulikuwapo kweli, na mbao za sheria ziitwazo Mbao Kumi na Mbili, zilizotungwa mwaka 451 na 450 KK, zinautaja waziwazi, zikiruhusu hata uzito wa minyororo ya mdeni upangwe.

Anasema kwamba mbao hizohizo zina sheria fupi inayomlaani bwana atakayemdhulumu mfuasi wake. Mtetezi wa Koo ameieleza hali ya ufuasi kana kwamba ni mapenzi ya baba na mwana, lakini sheria haitungwi dhidi ya jambo lisilotokea. Ufuasi, deni na vita vilikuwa kamba moja yenye nyuzi tatu: kabaila aliongoza vita, vita vikamfilisi mkulima, kufilisika kukamfanya mkulima awe mfuasi wa kabaila, naye kabaila akapata watu wengi zaidi wa kwenda vitani. Aliyerudi na ngawira nyingi ni yule aliyekwenda na farasi.

Ndiyo maana tukio la mwaka 494 KK, anasema, ni kubwa kuliko Cremera na Satricum kwa pamoja. Maplebi waliokuwa wameitwa jeshini waliondoka mjini na silaha zao, wakaenda kukaa kwenye Mlima Mtakatifu, ng'ambo ya Anio, maili tatu hivi kutoka Roma, wakakataa kupigana. Hawakumshambulia mtu. Walikaa tu, na kukaa kwao kukatosha, kwa kuwa Seneti ilitambua kwamba bila watu hao hapakuwa na jeshi la kuzuia majirani maadui kama Wavolski na Waekwi. Maplebi walirudi wakiwa wamepata wasemaji wao wenyewe, matribuni, ambao mwili wao uliwekewa kiapo: anayemgusa tribuni angeweza kuuawa na yeyote bila hatia. Walirudia jambo hilohilo mwaka 449 KK. Mtetezi wa Maplebi anasema kwamba njia hiyo isingefaa kitu kama vita vyote vingekuwa vya koo na wafuasi wao, kwa sababu mfuasi anayemtegemea bwana kwa shamba hana pa kwenda. Isingehitajika pia kama dola ya kweli ingekuwapo, kwa sababu dola ingekuwa na uwezo wa kuwalazimisha. Inaeleweka tu katika Roma ambamo makabaila walikwisha kuhitaji watu wengi kuliko wale waliowamiliki.

Makala haya yanaegemea upande huo, na sababu yake iko katika vita vya Veii vilevile ambavyo mjadala ulianzia. Adui ni yuleyule, lakini miaka 70 hivi baada ya Cremera namna ya kupigana imebadilika kabisa. Mwaka 406 KK, kwa mujibu wa Livius, Seneti iliamua kwa mara ya kwanza kwamba askari wa miguu walipwe ujira kutoka hazina ya umma, ujira ulioitwa stipendium, na ili kuupata ikatozwa kodi ya mali iliyowagusa wenye nacho. Sababu ilikuwa wazi: Veii haikuweza kutekwa kwa uvamizi wa siku chache wakati wa kiangazi, ilibidi izingirwe mwaka mzima, na mkulima anayekaa kwenye mahandaki wakati wa kupanda hana budi kulishwa na mtu. Akina Fabius walikuwa wamegharimia vita vyao wenyewe na kwa hiyo vilikuwa vyao. Mzingiro wa miaka hausimamiwi na ghala la ukoo mmoja, hata ukiwa tajiri namna gani. Veii ilianguka mwaka 396 KK chini ya Marcus Furius Camillus, na ingawa muda wa miaka kumi unafanana mno na ule wa Troya kuweza kuaminiwa ulivyo, matokeo yake yanaonekana katika ardhi yenyewe. Mwaka 393 KK eneo la Veii liligawiwa maplebi, iugera saba kwa kila mtu, yaani chini kidogo ya hekta mbili, na mwaka 387 KK yakaundwa makabila manne mapya ya uraia katika ardhi iliyotekwa. Wakati wa Cremera ardhi ya adui ilitekwa mifugo na kuachwa, lakini sasa ilipimwa na kukaliwa na watu ambao wangeitetea kwa sababu ni yao.

Mtetezi wa Koo anaomba lisisahauliwe jambo moja, na ana haki. Makabaila hawakutoweka. Kati ya mwaka 444 na 367 KK, badala ya makonsuli wawili, Roma mara nyingi iliongozwa na matribuni wa kijeshi wenye mamlaka ya konsuli, kwanza watatu, baadaye wanne, hatimaye sita, na jambo hilo linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa kama njia ya kuwapa wakuu wengi wa vita nafasi ndani ya utaratibu mmoja. Ufahari wa kumuua mkuu wa adui kwa mkono haukufifia pia. Aulus Cornelius Cossus, kabaila wa karne ya tano KK, alimuua Lars Tolumnius, mfalme wa Veii, na kuyapeleka mavazi yake ya vita katika hekalu la Jupiter Feretrius, heshima ambayo Warumi waliamini iliwahi kupatikana na watu watatu tu. Kisa hicho kina mkia unaofundisha mengi kuhusu ushahidi wenyewe: mwaka 29 KK Marcus Licinius Crassus alimuua kwa mkono wake mfalme wa Wabastarnae, lakini akanyimwa heshima hiyo kwa hoja kwamba hakupigana chini ya mamlaka yake mwenyewe, na Livius anaandika kwamba Augustus alimhakikishia kuwa ameona katika hekalu maandishi kwenye vazi la kitani la Tolumnius yakionyesha kuwa Cossus alikuwa konsuli. Miaka 400 baadaye swali la nani anamiliki ushindi lilikuwa bado ni la hatari kiasi cha kumfanya mtawala wa dunia nzima ya Warumi ajihusishe na vazi kuukuu.

Mtetezi wa Dola anajibu kwamba mwaka 367 KK sheria za Licinius na Sextius ziliufungua ukonsuli kwa maplebi, na kwamba mwaka 326 KK, kwa kauli ya Livius, kifungo cha deni kilifutwa. Kuanzia hapo kabaila aliyetaka vita ilimbidi achaguliwe, na muda wake ulikwisha baada ya mwaka. Mtetezi wa Koo anamjibu kwa mfano mmoja tu, wa mwaka 83 KK, wakati Gnaeus Pompeius, kijana wa miaka 23 asiye na cheo chochote, alipokwenda Picenum ambako baba yake alikuwa na ardhi na wafuasi, akakusanya humo jeshi lililofikia lejioni tatu, na kwenda nalo kwa jemadari Sulla kama mtu anayekwenda na mali yake. Mtetezi wa Maplebi ndiye anayesema mwisho. Anaeleza kwamba watu wa Picenum, kama wale waliowafuata Sulla na Caesar, walikuwa wakisubiri ardhi mwishoni mwa utumishi wao, ardhi ambayo Seneti ya zama hizo, tofauti na ile iliyogawa Veii, ilikuwa imekataa kuwapa, na ambayo ni kiongozi wao peke yake aliyeahidi kuwatafutia.